Fimbo ya Mbali na Jicho la Karibu

"Fimbo ya mbali haiui nyoka." Methali hii nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kufunga mjadala kila linapotajwa suala la kumpima mgonjwa kwa video. Huisema madaktari, huisema maofisa wa bima, na huisema hata wagonjwa wenyewe, ambao wamezoezwa kuamini kwamba tiba huanza pale mkono wa daktari unapogusa ngozi. Kwa maradhi ya mishipa ya fahamu msimamo huo ni mkali zaidi. Mtu mwenye tatizo la mwendo, wanasema, lazima afike kliniki, avue viatu, agongwe goti kwa nyundo ya mpira. Video kwao ni kipimo cha nusu: kilivumilika mwaka 2020 UVIKO-19 ilipofunga milango, na sasa milango imefunguliwa hakina kazi tena.

Napinga msimamo huo, na hasa naupinga kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS. Hoja yangu ni moja. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa, video iliyopigwa vizuri nyumbani na kurudiwa mara kwa mara ni shahidi bora wa mwendo wake kuliko ziara moja ya kliniki kila baada ya miezi sita. Methali ile ni kweli kwa fimbo. Lakini daktari anayepima mwendo hashiki fimbo, anatumia jicho. Na wahenga hao hao walisema macho hayana pazia.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayozizunguka neva za ubongo na uti wa mgongo. Amri ya ubongo kwenda mguuni huchelewa, hupungua nguvu au hupotea njiani. Mguu huburuta, mkono hutetemeka unapokaribia kikombe, mwili huyumba mtu anapogeuka. Watu wapatao milioni 2.9 duniani wanaishi na ugonjwa huu, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa, anayeishi Tanga.

Wanaosema uchunguzi wa mwendo ni kazi ya kugusa wanasahau taaluma yao ilivyozaliwa. Aliyeutenga ugonjwa huu na maradhi mengine ya kutetemeka, mwaka 1868, ni Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Charcot alikuwa mtu wa kutazama. Aliwasimamisha wagonjwa mbele ya ukumbi uliojaa madaktari, na madaktari hao walijifunza wakiwa vitini, bila kumgusa mtu. Hospitali yake ilikuwa na studio ya picha, na mpigapicha wake, Albert Londe, alitengeneza kamera ya lenzi nyingi ili kunasa hatua za mwendo moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wake kutoka Romania, Gheorghe Marinescu, alikwenda mbali zaidi. Ndugu wawili Lumière walionyesha sinema zao kwa hadhira ya Paris mwezi Desemba 1895. Mwaka 1898 Marinescu alikuwa tayari anawarekodi mjini Bucharest wagonjwa wenye kasoro za mwendo, wakitembea mbele ya kamera, ili azichunguze hatua zao kwa utulivu. Picha inayotembea na elimu ya mwendo mbovu zimelelewa nyumba moja. Anayesema leo kwamba video ni mgeni katika fani hii hajui historia ya fani yenyewe.

Tuje kwenye kipimo. Ulemavu wa MS hupimwa duniani kote kwa mizani iitwayo EDSS, iliyochapishwa mwaka 1983 na daktari Mmarekani John Kurtzke. Inaanzia 0, mtu asiye na kasoro yoyote ya mishipa ya fahamu, hadi 10, kifo kitokanacho na ugonjwa huo. Ngazi za katikati ndizo zenye uzito kwa maisha ya mgonjwa, na zinategemea zaidi umbali anaoweza kwenda. Anayetembea mita 500 bila msaada wala kupumzika yuko kwenye 4.0. Akiweza mita 300 tu, ni 4.5; mita 200, ni 5.0, mita 100, ni 5.5. Akihitaji fimbo au gongo moja kumaliza mita 100, amefika 6.0.

Sasa namuuliza mtetezi wa kliniki: ni korido ya hospitali gani yenye mita 500? Ni daktari gani, mwenye foleni ya watu hamsini nje ya mlango, anayetoka kwenda kumhesabia mgonjwa hatua hadi achoke? Kinachofanyika ni kuuliza. Nilikuwepo. Daktari alimwambia dada yangu, "Pole kwa safari, mama. Siku hizi unatembea umbali gani bila kupumzika?" Dada akajibu, "Nafika sokoni na kurudi, daktari." Daktari akaandika namba.

Dada hakusema uongo. Sokoni anafika. Lakini hupumzika kwa muuza nazi, na hupumzika tena kwenye baraza la msikiti, na mapumziko hayo yamekuwa sehemu ya maisha yake kiasi kwamba hayahesabu tena. Daktari naye hajui soko letu liko mita ngapi kutoka nyumbani. Namba ile, iliyoingia kwenye faili kama kipimo cha ana kwa ana, ilikuwa masimulizi. Kama tatizo la video ni kwamba daktari hakuwepo, basi kwenye swali zito kuliko yote daktari huwa hayupo hata mgonjwa akiwa amekaa mbele yake.

Tena hata palipo na uchunguzi wa kweli, mizani hii haina uthabiti ambao wapinzani wa video wanaudhania. Inajulikana kwamba wataalamu wawili wakimpima mgonjwa mmoja kwa EDSS hutofautiana mara nyingi kwa nusu alama au alama nzima, hasa kwenye ngazi za chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwapima wagonjwa wale wale kliniki na kwa video, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba kwa wengi wao tofauti haikuzidi alama moja. Maana yake ni kwamba pengo kati ya chumba na skrini linakaribiana na pengo lililoko siku zote kati ya daktari na daktari. Haiwi haki kuidai video ukamilifu ambao kliniki yenyewe haijawahi kuwa nao.

Lipo jambo lingine ambalo hospitali haiwezi kulirekebisha, nalo ni safari. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao uoni wao ulififia baada ya kuutumikisha mwili. Baadaye ikabainika kuwa mhusika ni joto: neva iliyopoteza ala yake hushindwa kupitisha ujumbe mwili unapopata joto, hata likiongezeka kwa nusu digrii tu. Mwili ukipoa, nguvu hurudi. Mgonjwa yeyote wa MS anayeishi pwani anaijua hali hii kabla hajaambiwa na kitabu.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita zinazokaribia 350. Dada huondoka usiku, hushuka stendi ya Mbezi alfajiri, hupanda bajaji, kisha hukaa kwenye benchi hadi jina lake liitwe, aghalabu saa sita mchana au saa saba. Anapoinuka kutembea mbele ya daktari, mguu wake wa kushoto umechoka kwa safari, umekosa usingizi na umepashwa joto. Je, daktari anaona ugonjwa, au anaona basi? Ziko siku nyingine mambo huwa kinyume: hofu ya chumba kile humtia nguvu, akajikaza kwa hatua kumi na mbili kama anayevuka mto, na daktari akaandika kwamba hali ni nzuri. Jioni yake hakuweza kupanda ngazi tatu za nyumba tuliyofikia. Vipimo vyote viwili vilifanywa na mkono wa mtaalamu, na vyote viwili vilikosea.

Ndipo nilipoanza kumrekodi. Asubuhi saa moja, ua ukiwa na kivuli. Kisha saa nane mchana. Mahali pale pale. Asubuhi wayo ulipaa. Mchana ncha ya kiatu cha kushoto ilikwaruza sakafu kila hatua, na alipogeuka alishika ukuta bila yeye mwenyewe kujua. Ziara iliyofuata nilimwonyesha daktari simu. Alirudia mara tatu ile sehemu ya kugeuka, kisha akaandika rufaa ya kwenda kutengenezewa kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Kwenye chumba kile kile, siku ile ile, dada alikuwa ametembea mbele yake na kasoro ile haikuonekana. Uamuzi ulitoka kwenye video. Nabaki kujiuliza kwa nini ilibidi video hiyo isafirishwe kwa basi.

Wapinzani wana hoja moja nzito, na naitendea haki. Kuna mambo ambayo kamera haiyawezi. Ukakamavu wa misuli hujulikana kwa kuukunja na kuukunjua mguu wa mgonjwa. Nguvu hupimwa kwa kushindana nayo. Hisia za ngozi, mwitikio wa goti, sehemu ya nyuma ya jicho: vyote hivi vinataka daktari awepo. Na kuutambua ugonjwa kwa mara ya kwanza kunataka mashine ya MRI, pengine na maji ya uti wa mgongo. Sisemi hata kidogo kwamba mgonjwa mpya atambuliwe kwa simu.

Ila tuangalie kilichobaki baada ya kuviondoa hivyo. Kugusa pua kwa kidole, macho yakiwa wazi kisha yakiwa yamefumbwa. Kusimama miguu pamoja. Kutembea kisigino kikigusa vidole juu ya mstari. Kuinuka kitini bila kujishika. Kutembea futi 25, yaani mita 7.62, kwa kupimwa muda. Kuokota vijiti na kuvichomeka kwenye matundu tisa, kisha kuvichomoa. Haya ndiyo moyo wa uchunguzi wa mwendo, na hakuna hata moja ambalo daktari hulifanya kwa kumshika mgonjwa. Hulitazama, na huangalia saa.

Wenzao wa fani jirani walikwisha kulitambua hili. Kwa ugonjwa wa Parkinson, ukiondoa vipengele vichache vinavyotaka mkono, kama ukakamavu na kipimo cha kumvuta mgonjwa ajizuie kuanguka, sehemu kubwa ya kipimo cha mwendo hufanyika kwa video. Kwa kifafa, madaktari wenyewe huwaomba ndugu warekodi tukio kwa simu, kwa kuwa degedege halisubiri tarehe ya kliniki. Na kwa kiharusi, ambako dakika huamua maisha, tangu mwaka 2009 Chama cha Moyo cha Marekani kiliukubali uchunguzi wa video, ambao daktari aliye mji mwingine huutumia kuamua kama mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo ikitolewa kimakosa huweza kusababisha damu kuvuja ubongoni. Ikiwa jicho la mbali linaaminiwa kwa uamuzi wa hatari kiasi hicho, kwa nini lisiaminiwe kutazama kidole kikienda puani?

Faida ya video haiishii kwenye kuokoa nauli. Hatua iliyopigwa kliniki hupotea inapomalizika, na kinachobaki ni namba kwenye faili na kumbukumbu ya daktari aliyeona watu wengi baada yake. Video hubaki. Katika muongo uliopita, watafiti wa Microsoft waliopo Cambridge, wakishirikiana na kampuni ya dawa ya Novartis na hospitali kadhaa ikiwemo ya Basel nchini Uswisi, walitumia kamera ya Kinect, iliyobuniwa kwa michezo ya runinga, kurekodi mienendo ya wagonjwa wa MS. Walikutana na funzo muhimu kuliko mashine yenyewe. Wataalamu walipotakiwa kuipa kila video alama yake peke yake, walitofautiana. Walipotakiwa kuziweka video pamoja na kusema ipi ina kasoro kubwa kuliko nyingine, walikubaliana zaidi. Binadamu hulinganisha vizuri kuliko anavyokadiria. Kliniki haina cha kulinganisha. Huwezi kuuweka mwendo wa leo kando ya mwendo wa Januari kama wa Januari haukuhifadhiwa.

Jambo hili lina uzito mkubwa sasa kuliko zamani. Kabla ya mwaka 1993, Marekani ilipoidhinisha interferoni beta, hapakuwa na dawa yoyote ya kubadili mwenendo wa MS, na kuchelewa kuona mabadiliko hakukumnyima mgonjwa mengi. Leo dawa zipo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza 3 kati yake, kladribini, glatirama na rituksimabu, kwenye orodha ya dawa muhimu. Majaribio ya dawa hizi huhesabu kwamba ulemavu umeongezeka pale alama inapopanda na kubaki juu kwa miezi 3 au 6. Mgonjwa anayeonwa mara moja au mbili kwa mwaka hawezi kupimwa hivyo. Video ya kila mwezi inaweza. Na ugonjwa ukilipuka ghafla, dalili mpya zikidumu zaidi ya saa 24, video ya siku hiyo hiyo humfikia daktari kabla hata tiketi ya basi haijakatwa.

Wapo watakaoniambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba nahangaika na jambo la watu wachache. Ni kweli kwamba MS huonekana zaidi nchi zilizo mbali na Ikweta. Lakini ipo kwetu, na uchache wake kwenye takwimu zetu unatokana pia na uchache wa wanaoweza kuiona. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi huelekea kupata ulemavu wa kutembea mapema kuliko weupe. Na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017, nchi zenye kipato cha chini zilikuwa na mtaalamu 0.1 wa mishipa ya fahamu kwa kila watu 100,000, madaktari wa upasuaji wa ubongo wakiwemo, dhidi ya 7.1 katika nchi tajiri. Kudai kila jicho la mtaalamu lifuatwe kwa miguu mahali lilipo, wakati macho yenyewe yanahesabika hivyo, ni kuwahukumu wa Kigoma na Mtwara waishi bila kutazamwa.

Husemwa pia kwamba mtandao wetu ni dhaifu. Ndiyo maana natetea video iliyorekodiwa kuliko mazungumzo ya moja kwa moja. Picha ya mazungumzo hukatika, na mkono unaotetemeka huonekana kama mtandao unaotetemeka. Video iliyorekodiwa hutumwa usiku bando likiwa rahisi, na hufika nzima. Kuhusu siri ya mgonjwa, hofu hiyo ni ya haki: video hizi hazina nafasi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hospitali ziwe na njia salama ya kuzipokea. Kuhusu kuanguka, sharti ni ndugu asimame upande ulio dhaifu, hatua moja nyuma, kama anavyofanya mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na nasema wazi kwa wale wanaoipenda video kwa sababu mbaya. Anayetaka kuitumia ili kufunga kliniki, kupunguza madaktari au kumnyima mgonjwa nyundo na MRI asihesabu makala haya kuwa yanamuunga mkono. Kliniki ya ana kwa ana ibaki, angalau mara moja kwa mwaka. Ninachokataa ni kuifanya kuwa shahidi pekee.

Wala video mbovu haisaidii. Simu isishikwe mkononi, iwekwe juu ya kiti kwa kimo cha nyonga. Mwanga utoke nyuma ya anayerekodi. Mwili wote uonekane, kichwa hadi wayo. Mavazi yaache vifundo wazi. Utepe wa fundi cherehani una mita 1.5: upime mara tano, ongeza sentimita 12, weka alama ya chaki, na hapo una mita 7.62 za kipimo kinachotumika duniani. Mgonjwa atembee kwenda, ageuke, arudi. Arekodiwe mbele na ubavuni. Andikeni saa, na kama amekunywa dawa. Rudieni mahali pale pale mwezi unaofuata. Hakuna kwenye orodha hii kitu ambacho nyumba yenye simu janja haina.

Madaktari wetu, nawaheshimu mikono yenu. Naomba tu msiyanyime macho yenu kazi yanayoiweza. Ulizeni, mwisho wa kila ziara: "Mna video?" Wenye bima, lipieni dakika ambazo daktari anatazama video kama mnavyolipia dakika anazokaa na mgonjwa, kwa sababu ni uchunguzi ule ule. Na wewe unayemuuguza mzazi, dada au mume mwenye ugonjwa huu, usingoje ruhusa. Anza kurekodi wiki hii, weka tarehe, hifadhi.

Tarehe ya kliniki ya dada yangu ni miezi miwili ijayo. Kabla ya siku hiyo mguu wake wa kushoto utapiga maelfu ya hatua, na simu ya kuzirekodi ipo mezani.